Gauni Lililofumuliwa Mara Tatu

Shangazi alikuwa fundi cherehani, na kazi aliijua, ila mdomo wake haukuwa na breki. Ndiyo maana kaka yake, baba wa bibi harusi, alimkabidhi kipaza sauti kwa shingo upande. Alimwomba aseme maneno mawili tu, ampongeze mtoto, akae.

Akae wapi! Alianzia kwenye kitambaa, akaja kwenye lesi, akaingia kwenye vifungo ishirini na nane alivyovishona kwa mkono, kimoja kimoja. Watu wakacheka na kupiga makofi, na wengi wao walikuwa wateja wake. Sifa zikampanda kichwani.

"Mnaliona gauni lilivyomkaa? Nimelifumua kiunoni mara tatu. Mara tatu, jamani, kwa sababu..."

Hapo macho yake yakakutana na ya bibi harusi. Mtoto wa watu alikuwa ameshusha shada la maua polepole mpaka tumboni. Siri ile waliijua watatu tu: bibi harusi, bwana harusi, na shangazi aliyeambiwa na futi yake ya kupimia. Na kwenye meza ya mbele kabisa alikaa mama mkwe, mwanamke asiyesahau neno.

Ukumbi ukatulia, unangoja.

"Kwa sababu nilikosea vipimo. Macho haya yamechoka, nisiwadanganye."

Kicheko kikalipuka. Bwana mmoja akasema kumbe ndiyo maana suruali yake inambana. Uongo mtupu, kitambi kilikuwa chake mwenyewe, na shangazi alijua kimeongezeka inchi ngapi. Lakini alinyamaza, akawatakia maharusi heri, akaketi.

Mama mkwe akamfuata alipoketi, akamwinamia, akampa pole ya macho, kisha akasema kwa upole kwamba kile kitambaa alichompelekea juzi atakipitia kesho, ampe fundi mwingine. Shangazi akajibu hakuna neno. Lakini jambo hilo lilimchoma. Miaka thelathini, hakuna mteja aliyewahi kumnyang'anya kitambaa.

Baadaye bibi harusi akaja kwa nyuma, akamkumbatia shingoni.

"Shangazi, umejiharibia kazi kwa ajili yangu."

"Wateja nitawatafuta, mama. Wewe kaa hapa ule." Akamsogezea sahani yake mwenyewe, ambayo hakuwa ameigusa, kisha akamnong'oneza, "Tena ule vizuri, usimnyime mwenzio."