Ndama wa Gasigwa

Kiti cha plastiki alichopewa Mzee Yonatani Kayumba katika ofisi moja ya Kamukuzi, mjini Mbarara, kilikuwa na mguu mbovu, naye alikikalia kwa uso wa mtu aliyekosewa adabu. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Tangu kambi ya Nakivale alikuwa amelikunja magotini, ndani likiwa nje, ili vumbi la Isingiro lisimfikishe Mbarara akifanana na wakimbizi wengine.

Mbele yake mwanasheria Joanita, binti wa umri wa wajukuu zake, alipanga mezani nakala za karatasi kuukuu. Kando ya Yonatani aliketi binti yake, Kantengwa, muuguzi mwenye cheti safi. Kazi aliyoitaka pale mjini ilikuwa ya raia peke yao, na Joanita alikuwa amewaambia kwamba wakithibitisha kuwa babu yake Yonatani aliishi Ankole, nchi hii ya Mbarara, zamani za Waingereza, kesi ya uraia itakuwa na pa kuanzia.

"Mzee, hii mambo ya babu yako iko ngumu," alisema Joanita. "Sensa ya Wabelgiji kule Kongo inasema Gasigwa alikufa mwaka 1929."

Yonatani alicheka puani. "Karani wa Babelgiji! Mutu wa kuhesabu ng'ombe kwa kuangalia mavi."

"Ngoja kwanza. Mwaka 1931, hapa Mbarara, kuna Gasigwa wa Kongo, na huyo iko hai. Halafu mwaka 1941, kule Kongo tena, kanisa imebatiza baba yako, lakini imeandika mtoto wa Habiyaremye. Mimi naona hapa watu tatu."

"Ni mutu mumoja. Babu alikuwa mukubwa. Bakubwa beko na majina mingi."

"Na Ankole alikuja kufanya nini?"

Yonatani alinyoosha mabega. Hadithi hii alikuwa ameisimulia harusini, msibani, na hata mahali ambapo hakuna aliyemwuliza. "Alialikwa. Alifika na ng'ombe zake, mugeni wa bakubwa ba hapa."

Joanita alimtazama Kantengwa, kisha akaisogeza karatasi moja. "Hii ya 1931 ni ya korti. Gasigwa, mtu wa Kongo, mguu wa kushoto hauna kidole gumba. Alifungwa miezi sita. Aliiba ndama."

 Habari za mguu ule Yonatani alizijua. Baba yake alimwambia kwamba kidole kililiwa na simba, na siku moja, akiwa amelewa, alimwambia mengine pia.

"Papa," Kantengwa alisema polepole, "kama ni yeye, niko na njia."

"Lakini karatasi peke yake haitoshi," Joanita aliongeza. "Nataka mtu aape kwamba Gasigwa na Habiyaremye ni mtu moja. Na asiwe wa nyumba yenu."

Katika Nakivale nzima mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, na Yonatani angeona nafuu kumwomba mbuzi kuliko kumwomba yeye.

Aliitwa Appolinaire, mkaanga samaki wa karibu na ziwa, mtu wa kandambili zisizofanana. Bibi yake alikuwa jirani wa Gasigwa huko milimani Kivu ya Kusini. Kwa miaka mingi Appolinaire aliwachekesha wateja wake kwa kisa kimoja: kwamba watu wa chifu walipokuja kukusanya wanaume wa kulima barabara, Gasigwa alitoroka. Mkewe akamwambia karani wa sensa kuwa mumewe amekufa, na ili karani aamini, ukoo mzima ukanyoa vichwa na kulia matanga. Miaka tisa baadaye maiti akarudi. Lakini mtu aliyekwisha kuliliwa hapiti mlangoni. Bibi yake Appolinaire akachukua jembe, akatoboa ukuta wa nyuma, akamvuta kwa mikono kama mtoto anayezaliwa, wakampa jina jipya, Habiyaremye. Ndivyo wafanyavyo kwao.

Yonatani hakucheka. Alimshitaki Appolinaire kwa wazee wa kanisa kwamba ameichafua nyumba yake. Appolinaire, asiye na koti wala wa kumtetea, alisimamishwa mbele ya waumini akakiri kuwa ni mwongo. Siku hiyo Yonatani alikaa benchi la mbele, mguu juu ya mguu.

Sasa alisimama mbele ya karai la mafuta, amelishika koti lisirukiwe na mafuta.

"Karibu, Muzee wa bakubwa," alisema Appolinaire bila kuacha kugeuza samaki. "Unakuja kununua ao kunishitaki?"

"Banataka mutu wa kuapa kule Kamukuzi. Juu ya ile habari ya ukuta."

"Habari gani?"

"Unaijua."

"Aa, ile ya uongo!" Appolinaire aliinua mwiko. "Miye niko mwongo, Yonatani. Kanisa yote ilisikia. Mwongo hawezi kuapa."

"Unataka nini?"

"Fasi nilisimama miye, mbele ya kanisa, simama na weye."

Njia nzima ya kurudi Yonatani alimtukana kimoyomoyo, yeye na samaki wake. Nyumbani alimkuta Kantengwa akipiga pasi sare yake ya uuguzi, sare asiyokuwa na mahali pa kuivaa.

Jumapili kanisani, baada ya matangazo, alisimama. Aliwatazama: wachunga mbuzi, wauza chumvi, mwimbishaji aliyekuwa akisoma kitabu cha nyimbo kichwa chini. Hawa ndio wangemsikia.

"Appolinaire hakusema uongo," alisema. "Babu yangu alikimbia kazi ya barabara. Balimulilia, naye iko muzima. Aliiba ndama Mbarara, balimufunga, akarudia nyumbani kwa tundu ya ukuta. Na miye nilijua. Mwenye kucheka, acheke."

Walicheka. Wanawake wa nyuma walianza, na mchungaji akajificha katika leso. Yonatani alibaki wima, akiwangoja kama mtu aliyejikinga barazani angojavyo mvua ikatike. Alipoona wamemaliza, akaketi.

Wiki hiyo Appolinaire alikwenda Kamukuzi amevaa viatu vya kuazima. Aliapa, akasimulia kutoroka, kunyoa na kutoboa ukuta, na Joanita akaandika yote. "Kantengwa," alisema, "na hii naweza kupeleka kesi yako mbele." Kantengwa alifunika uso kwa viganja.

"Ngoja, Maître," Appolinaire alimwambia mwanasheria. "Ndama ilikuwa mbili."

"Korti inasema moja."

"Korti ilikamata moja. Ya pili ilijificha, ikakomaa, ikazaa. Alirudia nyumbani na ng'ombe tatu. Bibi yangu alikunywa maziwa yake."

Joanita alimgeukia Yonatani, kalamu mkononi. "Kwa kesi, ndama moja inatosha, Mzee. Niandike mbili?"

Yonatani aliiangalia ile nakala ya korti, mhuri wa Waingereza na mwandiko wake mzuri wa kulala. Aliitazama kwa dharau ileile aliyomcheka nayo karani wa Wabelgiji.

"Andika mbili," alisema. "Makarani habajue kuhesabu."