Uvimbe Usiopanda Wala Kushuka

Fundi cherehani alifika hospitali ya rufaa saa kumi na mbili asubuhi, akakuta benchi limeshajaa. Mwezi wa nne huu anameza dawa za TB, na uvimbe wa shingoni uko pale pale, mkubwa kama ndimu. Kila akitundika futi ya kupimia nguo shingoni, ganzi humshuka mkononi hadi kidole gumba. Alimwambia hayo muuguzi wa zahanati tangu siku ya kwanza, lakini nani wa kumsikiliza? Pale kwao, uvimbe wowote shingoni ni TB ya tezi, basi.

Daktari wa leo, binti mwenye miwani, alisikiliza. Akausukuma uvimbe kulia na kushoto, ukaenda. Akausukuma juu na chini, ukagoma. Akaugonga kwa ncha ya kidole.

"Mama wee!" Fundi akaruka. "Kama shoti ya umeme!"

"Ndiyo hiyo. Na majibu ya nyama tuliyoivuta kwa sindano wiki iliyopita yanasema hivyo hivyo. Mama, huna TB. Ni uvimbe umeota kwenye ganda la mshipa wa fahamu. Ni nadra kuuona, lakini si saratani, wala hauambukizi. Unatolewa."

Fundi akacheka huku machozi yanamtoka. Nje akampigia mdogo wake, aliyewakataza wanawe kukanyaga kwa mama yao mkubwa tangu dawa zianze.

"Si TB, mdogo wangu! Niletee watoto Jumapili."

"Afadhali, dada. Lakini zahanati wamesema umepona?"

"Nina barua ya daktari."

"Zahanati ndio waseme. Shemeji yako unamjua." Simu ikakatwa.

Akaenda zahanati moja kwa moja. Muuguzi akaisoma barua, akaikunja.

"Jina likishaingia daftarini halitoki mpaka dozi iishe. Imebaki miezi miwili. Na bila muhuri wetu, huko upasuaji hawakupokei."

"Nimeze dawa ya ugonjwa nisio nao?"

"Utaratibu sikuutunga mimi, mama. Ukiacha, nakuandika mtoro."

Fundi alitaka kuondoka zake. Lakini mkono ule wenye ganzi ndio unaoshika mkasi, na juzi mkasi ulimponyoka mara mbili. Angalau angekuwa na mtu wa kumuuliza, nifanyeje? Hakuwa naye. Pale mbele ya meza akapokea vidonge na kikombe cha maji, akameza.

"Fungua mdomo nione. Inua ulimi."

Akafungua, akainua. Muuguzi akaweka tiki.

"Haya, pole na ugonjwa."

"Ugonjwa gani?" akauliza fundi.

Muuguzi alikuwa ameshamwita mwingine.