Wagonjwa Walioghairi

Kazija alikuwa na mwaka wa tatu katika ofisi ile ya Chake Chake, na kazi yake ilikuwa kuilea aplikesheni ya kuitia boti za wagonjwa. Mtu wa kisiwani akizidiwa, anabonyeza simu, ombi linamfikia nahodha, boti inatoka.

Jumatatu asubuhi akapigiwa na Bi Fakhriya, mkunga wa kisiwa cha Fundo. Leo bibi huyo hakurefusha salamu.

"Mwanangu, nna mzazi hapa, Mwanamize. Uchungu umemkamata tangu alfajiri na damu inamtoka. Nshaomba boti mara tatu. Kila nikiomba, simu hunambia nimeghairi. Mie sijaghairi kitu."

Kazija akampigia nahodha Pandu, Wete. Pandu alikuwa kaketi botini na mashine yake nzima. Tangu alfajiri hajapata ombi hata moja. Kazija akamwambia ang'oe nanga. Kisha akamrudia Bi Fakhriya. "Boti inakuja. Lakini iombe mara moja tena, nione ombi linapopotelea."

Akafungua programu ile ile anayoandikia msimbo. Humo humo aliweza kuitazama aplikesheni ikienda, bila kuisimamisha: anaweka alama kwenye mstari wa msimbo, na kila ombi likipita hapo, linamwonesha limebeba nini. Akaweka alama tatu. Sehemu kubwa ya mistari ile aliiandika yeye.

Ombi likaja. Alama ya kwanza: Fundo, mzazi, damu. Ya pili: nahodha Pandu, safari dakika hamsini na mbili. Ya tatu, kimya.

Akaifuata njia mpaka kwenye faili asilolifungua kwa miezi. Hapo akalikuta sharti la maneno machache: safari ikizidi dakika arubaini, usimpelekee nahodha, andika "mgonjwa ameghairi". Pembeni, jina la aliyeliandika: Jabir. Tarehe ilikuwa ya wiki moja kabla ya kuja wafadhili, waliosomewa kwamba hakuna mgonjwa anayesubiri zaidi ya dakika arubaini. Siku ile ofisi nzima ilipiga makofi. Kazija naye alipiga, na biriani ya sherehe akala.

Akatafuta wengine walioandikwa kuwa wameghairi. Walikuwa wengi. Mmoja alikuwa mtoto wa kisiwa cha Kojani, homa na degedege, aliyeombewa boti mara tano. Baada ya mara ya tano hakuna aliyeomba tena.

Jabir akaingia na sambusa mkononi. Ndiye aliyemfundisha kazi. Kwa miaka mitatu alimwita kaka.

"Kaka Jabir, mstari huu wako?"

Akainama, akatafuna. "Ah, huo. Visiwa vya mbali vilikuwa vinatuharibia wastani wa dakika."

"Na boti haitoki kwa nini?"

"Nahodha akipokea tu, safari inahesabiwa. Wale wana njia zao tangu zamani, Kazija. Hawakufa wote."

Alilisema hilo huku akijifuta mafuta midomoni kwa mgongo wa mkono. Kazija akakivuta kiti chake mbali naye. Akaufuta mstari mbele ya macho ya Jabir, akayapeleka marekebisho, akangoja mpaka ombi la majaribio kutoka Fundo lilipofika kwa Pandu.

Akalipeleka jambo kwa mkurugenzi, Bwana Nabhan, naye akawasikiliza wote wawili kwa upole. "Umefanya vyema kurekebisha, binti yangu. Yaliyopita tuyasitiri. Sitara ni jambo jema katika dini yetu."

Kati ya yote aliyoyasikia siku ile, hilo ndilo lililomchafua moyo zaidi.

"Sitara ni ya mtu na aibu yake mwenyewe," akasema. "Watoto wa watu si aibu yako ya kusitiri." Akaichapa karatasini orodha yote ya maombi yale na kutoka.

Mwanamize alifikishwa hospitali ya Wete akiwa hai. Mtoto hakuwahi; alizaliwa kishakufa. Jioni Kazija alimkuta kalala kaelekea ukutani, na mumewe, Mmanga, kasimama kando ya kitanda. Aliposikia mgeni anatoka ofisi ya boti, Mwanamize akageuka taratibu, akamshika mkono.

"Nyie ndio mlonitolea boti? Mungu akulipeni kheri."

Kazija aliuona mkono wake mwenyewe kama kitu kilichooza. Angeweza kuitikia amina akaondoka. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akawaeleza yote, na biriani aliyokula hakuacha kuitaja. Mwanamize akauachia mkono wake, akarudi kuelekea ukutani.

Mmanga akamgeukia Kazija. "Hayo utayasema mbele ya sheha?"

"Nitayasema."

Kesho yake aliyasema mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa kijiji, na orodha akaiweka mezani. Kabla ya Ijumaa Jabir na Nabhan walikuwa wameitwa wilayani kujieleza. Kazija naye aliitwa, akenda.