Mezani Bila Meno

Eino Haapala aliteleza kwenye theluji mbele ya mlango wake, akashindwa kuinuka mpaka jirani alipomwona. Hospitalini, mjini Thunder Bay, hawakukuta mfupa uliovunjika, ila hawakumruhusu kuondoka. Mtu aliyebeba magogo kiwandani karibu maisha yake yote, vipi ashindwe kujinyanyua?

Asubuhi akaja Rochelle, mtaalamu wa lishe, mwanamke mpole asiye na haraka.

"Mzee Haapala, nyumbani unakula vizuri?"

"Nakula kama farasi. Kaangalie mizani yenu. Uzito wangu ni uleule wa mwaka jana."

Rochelle hakubisha. Alimbonyeza muundi kwa kidole gumba, kikabaki kishimo. Akampapasa bega, pale nyama ilipopaswa kuwa, akakuta mfupa. Kisha akampa kifaa cha kupimia nguvu za mkono. Eino alikiminya hadi kidevu kikatetemeka. Mshale ukasogea kidogo tu.

"Mizani inapima na maji, mzee. Miguu yako imejaa maji, nyama ndiyo iliyokwisha. Mwili wako una njaa."

"Njaa ni ya wasio na chakula. Friji yangu imejaa."

"Sasa anayekila ni nani?"

Eino akageukia dirishani.

Chakula cha mchana kilikuwa nyama ya kuoka. Eino alitafuna mara moja, meno ya bandia yakacheza kinywani. Akaitema nyama kwenye kitambaa, akafunika mdomo.

Ndipo alipoanza kusema, kwa vipande vipande. Aune, mkewe, alipofariki, hamu ya kula ilikwenda naye. Akakonda, ufizi ukasinyaa, meno yakalegea. Hata hivyo kila Jumamosi alikwenda kula na wenzake wa kiwandani kwenye ukumbi wa kanisa. Siku moja, akiwa anacheka, meno yakamtumbukia kwenye supu ya njegere. Rafikiye Toivo akasema, "Jamani, supu ya leo inauma." Meza nzima ikavunjika mbavu. Eino alicheka nao, akachukua koti lake, asirudi tena. Tangu hapo chakula chake kikawa mkate wa kuchovya kwenye kahawa, amesimama jikoni, maana meza ya watu wawili aliyokuwa akilia na Aune haikukalika. Simu ikilia, aliiacha ilie.

Rochelle aliuma mdomo.

"Cheka tu, binti. Ilichekesha kweli. Ndiyo shida yake."

Walimlisha taratibu uji wenye krimu, mayai laini na samaki wa kupondwa, huku wakimpima damu, kwani mwili uliokaa na njaa muda mrefu haushibishwi kwa pupa. Maji yakamtoka miguuni. Fundi wa meno akamchukua vipimo vya meno mapya, akamwambia asubiri.

Jumamosi ya kwanza baada ya kutoka, Eino hakusubiri meno. Alikwenda ukumbini kinywa kitupu. Kwenye kiti cha Toivo alikaa mtu asiyemjua.

"Toivo amehamia mbali, Vancouver, kwa bintiye, tangu majani yalipopukutika," Lempi, mama aliyekuwa akipakua chakula, alimwambia. "Alikuulizia sana. Alisema hupokei simu."

Eino alikuwa ameshika kofia mkononi. Angeweza kuondoka, koti alikuwa bado hajalivua. Akalivua. Akaketi mwisho wa meza, kati ya wageni waliokuwa wakizungumza mambo yao.

"Nikuletee nini, mzee?" Lempi aliuliza.

"Chochote kisichotafunwa," alisema Eino, na hakufunika mdomo.