Mfunike Huyo Bibi

Bibi Evodia aliletwa Singida mjini kutibiwa magoti, akafikia kwa binti yake Magreth, ghorofa ya nne, kwenye nyumba za zamani za watumishi wa serikali. Vijana walimpandisha kwa kiti, na tangu siku hiyo hakukanyaga udongo. Lifti ilikuwepo, lakini ilishakufa zamani, watu wakaifanya stoo ya mafagio. Dada yake Emiliana akija kutoka Mungaa, naye ngazi haziwezi, walizungumza mmoja chini, mwenzake dirishani, kwa sauti za kuitia ng'ombe. Nyumba nzima ilijua tumbo la nani linauma.

Basi juma moja lifti ikatengenezwa. Emiliana akaja, akakaa kwenye benchi pale chini mlangoni, akapaza sauti kwamba basi lake linaondoka mchana, na kwamba yeye kwenye sanduku haingii angali hai. Anayetaka kumshika mkono ashuke.

Evodia alitaka sana kushuka. Lakini Magreth alikuwa kazini, majirani hali kadhalika, na vile vitufe yeye hakuvijua. Nyumbani alikuwepo Hosea peke yake, mkwewe. Na mkwe, nanyi mmelelewa mnajua, hata mkikutana kwenye kinjia cha shambani mmoja huingia kwenye mtama mwenzake apite. Sasa lifti yenyewe ilikuwa ya watu wanne waliokonda.

Hosea alisimama mbali akiangalia sakafu. Akasema ataingia naye, abonyeze, kisha ageukie ukuta mpaka chini.

"Ukuta kabisa, baba?"

"Ukuta kabisa, mama."

Wakaingia. Hosea akabonyeza, akageuka. Kumbe mafundi walibandika kioo ukuta mzima. Akajikuta macho kwa macho na mama mkwe. Akafumba yake. Bibi naye akafumba, kisha akavua kanga ya mabegani, akampenyezea kwa nyuma.

"Mfunike huyo bibi."

Hosea akaiinua kanga kwa mikono miwili, akaitanda juu ya kioo. Lifti ikashtuka, ikaanza kushuka. Evodia akahisi tumbo linabaki juu. Mkono ukatafuta cha kushika, ukapata shati. Hosea akatanua miguu asimame imara, kama mtu aliyebeba maji ya wenyewe.

Mlango ulipofunguka, Emiliana aliona mwanamume kaelekea ukutani na kanga juu, na dada yake kang'ang'ania mgongoni.

"We Evodia, umemshika mkweo."

"Nimeshika shati. Kama yumo ndani, hayo ni yake."

Emiliana akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Evodia akaliachia shati, akalinyoosha makunyanzi kwa kiganja, taratibu, kama la mtoto anayekwenda shule. Kisha akatoka, akaenda kwenye benchi, na dada yake akasogea akampisha upande wa kivuli.