Mahindi ya Mbuzi wa Mzee Zein

Mimi sikulelewa kurudisha chombo cha mtu kitupu. Nalisema hilo mwanzo, msije mkaniona nina roho mbaya.

Jirani yangu wa juu hapa Kibokoni, Mzee Zein, anafuga mbuzi wawili uani. Kila asubuhi akikamua anagawa: kidogo kwa watoto pacha wa binti yake, na jagi moja kwangu, la mjukuu wangu Stacy. Jioni nalirudisha lina mhogo au mahamri.

Mwezi wa Aprili kaka yangu Charo aliniletea gunia la mahindi kutoka Kaloleni. Paa la stoo ya uani likavuja, gunia likalowa, mahindi yakaota kuvu ya kijani. Kuyala siwezi, kuyatupa naona uchungu. Nikasema, mbuzi hawachagui. Miezi miwili jagi likawa linapanda juu limejaa mahindi, na Zein haishi kunishukuru. "Mama Kahindi, wewe ndiye jirani." Nami kichwa kinavimba.

Juzi nilimpeleka Stacy zahanati. Ana miaka miwili, kilo zinarudi nyuma, macho yameanza kuwa ya manjano. Muuguzi, Awiti, akaniuliza mtoto anakula nini. Nikamtajia maziwa, tena kwa majivuno.

"Na hao mbuzi wanakula nini?"

Nikamwambia huku nacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza polepole kwamba kuvu ile hutoa sumu, yaitwa aflatoksini. Mbuzi akiila, anaweza asionekane mgonjwa, lakini sumu hutoka kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Huenda ndiyo iliyomdhuru mtoto ini, huenda siyo. Wakamtoa damu, majibu ni Ijumaa. Nilijichukia pale pale kwenye benchi.

Kufika nyumbani nikayamwaga maziwa ya asubuhi, jagi nikaliosha mara tatu, nikapanda nalo likiwa tupu. Zein akalipokea, akachungulia ndani.

"Nimekukosea nini, mama?"

"Hukunikosea. Yale mahindi yana sumu, na imeingia kwenye maziwa. Nimemnywesha Stacy kwa mkono wako."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi. Lakini hakunitazama. Aligeuka akaangalia mkekani, ambako binti yake alikuwa amemshikia pacha mmoja kikombe mdomoni, na wa pili analilia zamu yake. Haki ya Mungu, sikuwa nimewafikiria hao.