Mjomba wa Usafirishaji

Mjomba alikuwa ameshakifuta kioo cha mbele mara tatu, na mara zote tatu hakikuwa kichafu. Alitafuta tu kazi ya kuipa mikono yake, maana kila alipoiacha huru ilitaka kuichana ile karatasi. Shemeji yake, baba wa bibi harusi, mtu wa mipango hadi kwenye kupiga chafya, alikuwa amechapisha ratiba ya sherehe na kuigawa tangu asubuhi: nani akae wapi, nani aingie na nani, nani apewe bahasha ya asante na wakati gani. Mfungishaji ndoa apewe yake kabla ya chakula, mkononi, na mtu mzima. Dereva apewe yake mwisho wa safari, na bwana harusi mwenyewe. Mjomba aliisoma kutoka juu hadi chini, kisha akaisoma tena kutoka chini hadi juu. Mjomba wa bibi harusi hakuwamo. Dereva alikuwamo.

Sawa, udereva ndiyo kazi yake. Mwaka wa ishirini na mbili huu anaendesha magari ya kukodi ya tajiri mmoja, na hajawahi kuuonea haya usukani. Lakini leo hakuja kwa kukodiwa. Gari hili jeupe alilikodi yeye mwenyewe, kwa fedha yake, kutoka kwa tajiri huyo huyo, liwe zawadi kwa binti wa dada yake. Binti ambaye alimpeleka shule na kumrudisha tangu darasa la kwanza hadi la saba, akimsikiliza akikariri hesabu zake kwenye kiti cha mbele. Leo wamemwekea kiti cha nyuma, haya, bibi harusi hukaa nyuma. Ila na mjomba mtu naye awekwe wapi?

Alikuwa amemuuliza dada yake asubuhi ile, mlangoni pa jikoni, kwa sauti ya chini ili asionekane mgomvi. Dada alicheka, akamwambia asiwe na moyo mdogo, karatasi ni karatasi tu, hakuna asiyemjua. Kisha, kabla hajamaliza kucheka, akamwomba asitoke garini, wasije wakaanza kumtafuta. Basi akakaa garini. Viapo alivisikia kupitia dirisha la ukumbi, nusu nusu, kwa sababu jenereta la jirani lilikuwa likinguruma. Chakula aliletewa kwenye sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, na aliyemletea hakujua hata amwamkie vipi.

Mfungishaji ndoa ndiye mtu pekee aliyemfuata kuzungumza naye. Mzee huyo alikuwa ameshapokea bahasha yake, kwa mikono miwili na bila kuichungulia, kama ipasavyo, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Aliegemea boneti akalalamikia miguu yake, halafu akasema kwa wema kabisa:

"Wenzetu wanacheza. Wewe na mimi tu ndio tuliokuja kazini leo."

"Mimi nimekuja harusini," Mjomba akajibu.

Mzee alimtazama, akaitazama glavu yake nyeupe na kitambaa cha kufutia, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubali jambo ili yaishe. Mjomba alitamani kueleza. Lakini mtu akianza kueleza kwamba yeye ni mjomba, ameshapungukiwa ujomba. Akarudi kukifuta kioo, na roho ikamuuma kwelikweli.

Alasiri aliwachukua maharusi kuwapeleka kwenye nyumba yao mpya. Walikuwa watatu tu garini. Bwana harusi, kijana mpole mwenye adabu zake, alilegeza tai, akashusha pumzi, akamgeukia mkewe.

"Sasa, yule mjomba wako wa usafirishaji mbona sijamwona? Katutolea gari zuri hivi, na hata kumshukuru sikupata."

Hapo ndipo Mjomba alipoelewa. Siku familia mbili zilipokutana yeye alikuwa safarini, na dada yake, ambaye kutia chumvi hajaanza leo, aliwaambia wakwe kwamba kaka yake yuko kwenye usafirishaji. Si uongo. Wakwe, watu wenye makampuni yao, walisikia walichozoea kusikia: maghala, malori, ofisi yenye katibu muhtasi. Na hakuna aliyewasahihisha. Si dada, si shemeji. Akatazama kwenye kioo cha ndani, akayakuta macho ya binti wa dada yake yakimngoja, yamejaa hofu.

"Amepata dharura," bibi harusi akasema.

Gari likapita juu ya tuta bila kupunguza mwendo. Jambo hilo halikuwahi kumtokea Mjomba tangu apate leseni. Aliomba radhi kwa sauti ya kidereva, fupi, isiyo na mwenyewe, na njia yote iliyobaki akaitumia kupanga maneno ya kuwapasulia. Alikuwa nayo mengi, tena makali.

Walipofika, bwana harusi alishuka, akazunguka hadi dirishani kwake kama karatasi ilivyoagiza, akampa bahasha.

"Asante sana, dereva, umetuendesha vizuri. Na umwambie bosi wako, mjomba wa mke wangu, kwamba tumemshukuru. Mwambie ipo siku nitakwenda mwenyewe nimshike mkono."

Mkono wenyewe alikuwa ameushika, bahasha ikiwa katikati. Lilihitajika neno moja tu, na Mjomba alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi. Lakini nyuma yake kulikuwa na mtu aliyebana pumzi, na pumzi zile alizijua. Ndivyo binti alivyokuwa akizibana kila alipofeli mtihani, kabla ya kufika nyumbani. Hasira haikumtoka hata kidogo. Ilikuwa pale pale, ikimchoma.

"Nitamfikishia," akasema.

"Atafurahi?"

"Atasikia."

Bwana harusi akatabasamu, akaenda kumfungulia mkewe mlango. Akamnyooshea mkono, akamwambia washuke ili dereva naye akapumzike, amekuwa kazini tangu asubuhi. Mjomba akaiweka bahasha juu ya dashibodi, akatia gia. Hakutazama nyuma. Alisubiri tu kusikia gauni likiteleza kwenye kiti na mlango ukifungwa, aondoke zake.

Gauni halikusogea. Mkono mdogo wenye pete mpya ukaja ukamshika begani, ukambana.

"Ngoja," binti akasema.

Mume, akiwa bado ameinama mlangoni, akauliza anayeambiwa angoje ni yupi kati yao.